Taya Linapopungua kwa Siku Chache: Kaspasi na Limfoma ya Burkitt

Mtoto wa Kibondo au Kasulu anapofikishwa zahanati akiwa na taya lililovimba na meno yanayolegea, ni rahisi kudhani ni jipu la jino. Huenda ni jipu kweli. Lakini uvimbe unaokua siku hadi siku yafaa ushukiwe kuwa limfoma ya Burkitt, saratani iliyoelezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala. Huwapata zaidi watoto wenye virusi vya Epstein-Barr waishio penye malaria ya kudumu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea vya malaria kwa takriban mtoto mmoja kati ya wanne wenye umri wa chini ya miaka 5 mkoani Kigoma. Meno yasing'olewe, mtoto apewe rufaa mapema, kwani uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili tu.

Dawa zake, mathalani saiklofosfamidi, haziui seli kama moto uunguzavyo nyasi. Huiamsha seli ijiue yenyewe. Kila seli hubeba vimeng'enya vya kukata protini viitwavyo kaspasi, navyo hukaa vimelala, mfano wa mapanga yaliyofungwa ndani ya ala. Dawa ikiharibu vinasaba kupita kiasi, mitokondria huvujisha saitokromu c, protini ambayo siku zote husaidia kuzalisha nishati. Ikiwa nje, protini hiyo huzikusanya molekuli saba za Apaf-1 zikaunda kitu kama gurudumu. Kaspasi-9 hujipanga juu ya gurudumu hilo, na kule kukaribiana huziamsha. Kaspasi-3 na kaspasi-7, kinyume chake, haziamki mpaka zikatwe, na anayezikata ni kaspasi-9. Kisha kaspasi-3 huikata kaspasi-6, tena hurudi kuikata kaspasi-9 yenyewe, na mwito ukazidi nguvu. Panga moja limefungua mengi. Ndani ya saa chache mamia ya protini hukatwa, seli ikagawanyika vipande ambavyo seli jirani huvimeza.

Ndiyo maana uso wa mtoto waweza kurudia umbo lake siku chache baada ya dozi ya kwanza. Hapo mzazi hujiuliza: nauli nyingine ya kwenda Bugando, Mwanza, ya nini, na palizi inangoja? Swali hilo si la upuuzi. Jibu ni kwamba baadhi ya seli za saratani zina kiungo kilichokatika katika mnyororo huu, mara nyingi protini ya p53, nazo hazitii mwito wa kwanza. Hizo chache zikiachwa, uvimbe hurudi, na safari hii ukiwa mgumu kutibu. Dozi zote zikamilishwe.

Seli nyingi zikifa kwa pamoja humwaga potasiamu na asidi ya yuriki katika damu, nazo huweza kudhuru figo na moyo. Kwa hiyo mtoto huwekewa dripu nyingi, hupewa alopurinoli, na mkojo wake hupimwa.

Kaspasi huamshwa pia katika uboho wa mifupa, hivyo chembe nyeupe za damu hupungua baada ya kila dozi. Mtoto aliyerudi nyumbani kati ya dozi akapata homa, apimwe malaria, lakini jibu lolote litakalotoka lisimzuie kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo kwa antibiotiki za sindano.