Fad'jal: Sinema ya Wakulima Waserer na Ushahidi wa Maneno

Katika mwaka 1979 Bibi Safi Faye wa Senegal alitoa sinema iitwayo Fad'jal. Bibi huyo, aliyezaliwa Dakar mwaka 1943 na kufariki mwaka 2023, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kwenda Paris kusoma elimu ya mila na desturi za watu. Fad'jal ni jina la kijiji cha wazee wake, katika nchi ya Waserer. Nalo hufasiriwa kwa maneno mawili, kufika na kufanya kazi: afikaye hapo hana budi kulima.

Mapema katika sinema yenyewe twaiona shule, ambamo watoto wakariri kwa Kifaransa habari za mfalme Louis wa Kumi na Nne. Baadaye twawaona watoto wamemzunguka babu yao, naye awasimulia, kwa Kiserer, jinsi kijiji kilivyoanzishwa. Hapa watoto hawakariri, bali huuliza, na mzee hujibu. Na wanakijiji wenyewe huyaigiza yale anayoyasema. Kati ya masimulizi hayo twaonyeshwa maisha ya jamaa: uzazi, kilimo, mavuno na mazishi.

Mtu aweza kudhani kuwa haya ni mambo ya kuburudisha tu. Lakini masimulizi yale yana kazi nyingine. Sheria ya Senegal ya mwaka 1964 iliifanya ardhi isiyoandikishwa kuwa mali ya taifa, na mkulima akabakiwa na ruhusa ya kuitumia. Wakulima wa Fad'jal, ambao jambo hili walijadili mbele ya kamera, hawakuwa na hati. Walichokuwa nacho ni habari ya nani alifyeka msitu, na nani alimrithi nani. Basi kwao simulizi ndiyo hati. Mzee afapo kabla hajaulizwa, haipotei hadithi peke yake, bali na haki ya shamba hudhoofika.

Kwa sababu hiyo yafaa kushukuru kwamba katika mwaka 2018 Kituo cha Taifa cha Sinema cha Ufaransa kiliitengeneza upya sinema hii kutoka katika utepe wake wa milimita 16, ikaonyeshwa Cannes mwaka uo huo. Hata hivyo, kazi ya watu wa lugha bado ipo. Picha iliyosafishwa huonekana na kila mtu, lakini maneno ya mzee hufahamiwa na wajuao Kiserer. Wengine hutegemea muhtasari mfupi uandikwao chini ya picha. Maneno hayo yastahili kuandikwa yote kwa Kiserer, neno kwa neno, na kufasiriwa kutoka katika lugha hiyo yenyewe, wala si kwa kupitia Kifaransa. Ushahidi uliotolewa kwa lugha moja haufai kuhukumiwa kwa muhtasari wa lugha nyingine.