Okidi na Waamuzi Wake

Mgeni akiingia msitu wa Jozani, kisiwani Unguja, huinua macho kumtafuta kima punju, ambaye jina lake la kisayansi ni Piliocolobus kirkii. Kirk huyo ni John Kirk, daktari na balozi mdogo wa Uingereza aliyekaa Unguja karne ya 19. Ua nalo limepewa jina lake: Aerangis kirkii, okidi nyeupe ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Kima ana umaarufu wake tayari. Ua hili bado linadai wake.

Aerangis huishi juu ya matawi bila kuunyonya mti. Mizizi hushika gome na kufyonza maji ya mvua na umande. Nyuma ya ua huning'inia mrija mwembamba wa sentimita 6 hivi, na asali imetuama chini kabisa. Nyuki haifikii. Anayeifikia ni nondo mwenye ulimi mrefu, arukaye gizani, na ndiyo sababu ua ni jeupe na hunukia usiku.

Ua likimkosa mdudu wake halizai. Wakulima wa viungo wa Kizimbani, Unguja, wanalijua hilo kupitia vanila, ambayo nayo ni okidi. Asili yake ni Amerika, wadudu wake wamebaki huko, kwa hiyo kila ua huchavushwa kwa mkono. Mbinu hiyo ilibuniwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12.

Nondo ni mwamuzi mmoja wa ua. Sasa tazama waamuzi wengine, kwenye meza ya mashindano ya okidi. Vyama vya wapenzi wa okidi vipo dunia nzima, hata Nairobi. Chama cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1921, hutoa tuzo za ua kwa alama 100: umbo 30, rangi 30, zinazobaki zikienda kwenye ukubwa, uimara wa petali na mpangilio wa maua. Alama 75 zinatosha tuzo ya chini. Ya juu kabisa huanzia 90. Harufu haina fungu lake. Kwa okidi zetu za usiku naona huo ni upungufu mkubwa, maana kinachomwita nondo kutoka mbali hakihesabiwi.

Hata hivyo, mmea wa mashindano si lazima utoke msituni. Mbegu ya okidi ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula. Msituni haioti mpaka ilishwe na kuvu. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba inaweza kuoteshwa kwenye chupa, juu ya jeli ya agari yenye sukari na madini, bila kuvu yoyote. Tangu hapo mmea wa kushindania tuzo unaweza kuzaliwa maabarani. Nayo biashara ya okidi kuvuka mipaka sasa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini.

Kwa hiyo anayebandua okidi kwenye tawi Jozani hana udhuru. Anauondoa mmea mahali penye gome lake, kuvu yake na nondo wake. Vivyo hivyo anayekata miti ya maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, kwa ajili ya kuni na mkaa pembezoni mwa hifadhi ya Jozani: mti mmoja ukianguka, huanguka na kila kilichoota juu yake, na mche mpya hauwezi kushika gome ambalo halipo.