Mwezi wako umeuzwa butura

Nimeulizwa tena. Safari hii ni ndani ya Hiace, kati ya Omurushaka na Kayanga, na aliyeuliza ni kijana aliyepakata bahasha ya vyeti kana kwamba ni mtoto mchanga. "Mwanasheria, hapa kwetu kazi gani inalipa?" Mimi si mwanasheria, ni mtu wa mahusiano kazini, lakini hilo nimeshaacha kulisahihisha. Swali lenyewe ndilo linalonichosha. Nimeulizwa sokoni Nkwenda, nimeulizwa Murongo nikisubiri gari, nimeulizwa hata msibani. Kila ninapojibu kwa kuuliza "inalipa hizo kwa saa ngapi?" mtu hunitazama kama nimemdhihaki. Anachotaka ni namba tupu: dukani laki na nusu, shambani elfu tano, boda inategemea. Kisha achague iliyo kubwa.

Kwanza niliondoe njiani lile la laki tano, maana bila hivyo mtu hatanisikiliza. Mei Mosi ya 2025, pale Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Hicho ni cha watumishi wa umma. Kama tajiri wako ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale stendi, hotuba ile haikuwa yako. Ya kwako ilikuja baadaye mwaka huohuo, ilipotangazwa amri ya mishahara ya sekta binafsi iliyoanza Januari 1, 2026, na magazeti yakaandika kwa herufi kubwa kwamba kima kimetoka 275,060 hadi 358,322. Huo ni wastani wa sekta zote, wa benki na wa yaya umo humohumo. Hakuna mtu anayelipwa wastani. Kuna kiwango cha shamba, cha biashara, cha ulinzi, cha kazi za nyumbani, na cha kwako ni cha sekta yako peke yake. Basi, tuendelee.

Kila mtu wa Karagwe na Kyerwa anaijua butura. Mwenye kibanja kabanwa na ada ya mtoto, kahawa ndiyo kwanza ina maua. Mchuuzi anakuja, anaizunguka mibuni, anataja bei, anahesabu noti hapohapo chini ya mgomba. Mavuno yakifika, anayechuma ni yeye. Mizani haikuwepo. Serikali imepiga marufuku, vyama vya msingi vinakemea, na sisi wenyewe tukikaa kwenye kahawa ya kutafuna tunakubaliana kwamba butura ni wizi uliovaa koti la msaada. Mtu huyohuyo anayeilaani butura asubuhi, jioni anamkubalia tajiri "laki na nusu kwa mwezi" bila kuuliza mlango unafunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi. Kauza mwezi ukiwa bado una maua.

Imani inayozaa jambo hili inasemwa waziwazi, na wanaoisema ni matajiri na wafanyakazi pia: saa ni za kibarua, aliyeajiriwa kwa mwezi hana saa. Naomba nafasi niivunje polepole, kwa sababu imeharibu watu wengi kuliko pombe.

Mchukue dada anayeuza duka la jumla na rejareja. Anafungua saa moja asubuhi, anafunga saa tatu usiku. Ni saa 14. Nimpunguzie tajiri wake saa moja ya chakula, ingawa sote tunajua dada huyo hula huku anapima sukari. Zinabaki 13, kwa siku 30, kwa sababu duka halijui Jumapili. Ni saa 390.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema wiki ya kawaida ya kazi ni saa 45, siku sita, na siku moja isizidi saa tisa. Ukitaka kugeuza mwezi kuwa wiki unagawa kwa 4.333. Kwa hiyo mwezi wa kisheria ni saa 195. Rudia hesabu uone: 195 mara mbili ni 390. Dada yule anafanya kazi ya watu wawili kamili, hapungui hata mguu. Tajiri wake, ambaye ni mtu mwema na hutoa sadaka, ananiambia kwa fahari, "Mimi nilimlipa kima cha chini chote, 150,000, hata senti sikuchukua." Kweli, katika amri iliyoanza Januari 2023 biashara ilikuwa 150,000. Naishika makusudi namba hiyo ya zamani ili asije kusema nimemkuzia. Kima hicho ni bei ya saa 195, yaani shilingi 769 kwa saa. Yeye alinunua saa 390, akalipa 385 kwa kila moja. Nusu bei.

Nikifika hapo, utetezi huanza kumiminika. Wa kwanza: "Lakini muda mwingi amekaa tu, anachezea simu." Amekaa wapi? Kama amekaa kwako, hawezi kwenda kupalilia maharage yake wala kumnyonyesha mtoto, basi saa hiyo umeinunua. Duka likikosa wateja, hasara ni ya mwenye duka. Ndiyo maana faida pia ni yake. Zima moto hawalipwi kwa kuhesabu nyumba zilizoungua.

Wa pili: "Tulikubaliana." Najua mlikubaliana. Hata kwenye butura watu hukubaliana. Viwango vya sheria ni sakafu. Makubaliano yanaruhusiwa kwenda juu yake, chini yake ni maneno matupu. Na zipo saa ambazo hata kwa kukubaliana na kulipana haziuziki: hakuna kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Dada yetu kwa wiki nne ana 184 za ziada.

Wa tatu, ambao ndio huniudhi: "Namlisha." Hoja hii hutumika zaidi kwa dada wa nyumbani. Katika amri ileile iliyoanza Januari 2023, wa nyumbani wa kawaida asiyelala kwa tajiri aliwekewa 120,000, anayelala 60,000. Nusu. Kitanda na ugali vilikuwa vimekwisha kukatwa humo kabla hujamuonesha chumba. Ukikata mara ya pili unakula sahani yake. Na huyo anaamka saa kumi na moja kuwasha moto wa chai ya watoto wa shule, analala saa nne watu wakimaliza kutazama taarifa ya habari. Hata nikimpa saa mbili za kupumua, ni saa 15 kwa siku, 450 kwa mwezi, shilingi 133 kwa saa. Andazi moja linamtaka afanye kazi zaidi ya saa nzima.

Turudi kwa yule wa dukani, tumalize deni lake. Saa 195 za kwanza ni 150,000 zake. Zinazofuata ni za ziada, na saa ya ziada hailipwi chini ya mara moja na nusu: 195 nyingine ni 225,000. Jumla 375,000, na bado sijagusa Jumapili zake, kwa maana siku ya mapumziko mtu akifanya kazi hulipwa mara mbili. Tajiri mwema ana deni la 225,000 kila mwezi, na analala usingizi.

Sasa mweke pembeni yake kibarua wa shamba, yule ambaye wote wawili humuonea huruma. Tuseme anapewa ngwe ya kupalilia kibanja kule Bugene au Mabira, anaingia saa moja na umande, anatoka saa sita jua likianza kuuma, anapokea elfu tano. Ni shilingi 1,000 kwa saa. Zaidi ya mara mbili na nusu ya dada wa dukani mwenye "kazi ya uhakika". Kisha alasiri yote ni yake: ana migomba yake, ana mbuzi, akitaka ana usingizi. Simsifu kibarua, msinielewe vibaya. Kiangazi kikishika ngwe zinakauka, akiugua hakuna anayemlipa, na akizeeka hakuna mfuko unaomjua. Ninachosema ni kwamba katika soko la Karagwe mwenye kuuza kwa kipimo ni yeye, na aliyeuza butura ni msomi wa kidato cha nne mwenye shati lililopigwa pasi.

Hata mkoloni alihesabu. Kipande kilichotumika Tanganyika kilikuwa kadi ya kinyonyaji, kilimfunga mtu kwenye shamba la mwingine mpaka akamilishe siku 30 za kazi, ikimchukua hata miezi miwili. Lakini kilikuwa na miraba 30, na kila siku ya kazi iliwekewa alama. Ajira nyingi za Kayanga na Omurushaka leo hazina hata mraba mmoja.

Wengine niwapitie haraka. Mlinzi wa usiku, kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi, usiku wote wa mwezi: saa 360. Ukimpa 150,000 ni 417 kwa saa, na sheria inadai nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa kati ya saa mbili usiku na kumi na mbili alfajiri. Sijakutana na mlinzi aliyewahi kuiona. (Ile ya "si analala" nimeshaijibu kwenye duka.) Bodaboda wa hesabu: tuseme kaingiza 25,000, petroli 8,000, hesabu ya mwenye pikipiki 8,000, oili na wali 2,000. Amebaki na 7,000 kwa saa 14, yaani 500 kwa saa, na tairi ikipasuka ni yake. Saidia fundi hujua akiingia saa mbili anatoka saa kumi, ndiyo maana humsikii akilia sana juu ya saa, hulia juu ya mvua. Na mwalimu au mhudumu wa serikali, saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, siku tano: hata akiwa kwenye kima cha chini kabisa cha 500,000, saa yake ni karibu 2,885. Mara saba na nusu ya dada wa dukani. Mnapouliza kwa nini watoto wote wanataka serikalini, jibu ni hilo, si uvivu.

"Sasa tufanyeje?" Haya, upesi.

Andika. Dada wa dukani tayari ana daftari la madeni, anaandika hata nusu kilo ya sukari aliyokopa jirani. Afungue kurasa za nyuma aandike kila siku saa aliyoingia na aliyotoka. Malipo yapokelewe kwa simu inapowezekana, meseji zisifutwe. Usiniambie huna mkataba kwa hiyo huna haki: kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na mkifika kwenye shauri bila karatasi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unamwangukia yeye. Usiniambie pia wewe ni kibarua tu. Ukiwa umemfanyia mtu mmoja kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, hiyo peke yake inatosha sheria ikuchukulie kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vingine. Ukilipwa kwa ngwe au kwa debe, wastani wako unatafutwa kwa wiki 13 za nyuma. Ukishindwana naye, nenda kwa afisa kazi, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Bukoba, ujaze fomu namba moja. Ukiachishwa kazi una siku 30, kwa madai mengine siku 60, na siku hizo huliwa na watu wanaosubiri "mzee atulie hasira". Tajiri naye ana njia: aajiri wawili kwa zamu, au afunge mapema, au alipe ziada isiyovuka kikomo cha sheria. Ya nne haipo.

Tulikuwa tunakaribia Kayanga. Yule kijana wa bahasha aliniambia ameahidiwa duka la simu, 180,000 kwa mwezi, na kwamba kwake hiyo ni kubwa. Nikamuuliza saa. Hakujua. Nikamwambia si una namba ya tajiri, mpigie. Akapiga, adabu tele, "Shikamoo mzee, samahani, nilisahau kuuliza, pale tunafunga saa ngapi?" Simu ilikuwa na sauti kubwa, tukasikia gari zima:

"Wateja wakiisha, mwanangu."