Kufundisha Urithi Bila Kulaumu Ukoo: Mfano wa Saratani ya Figo ya Watoto

Methali isemayo "Mtoto wa nyoka ni nyoka" hutajwa mara nyingi walimu wanapoanzisha somo la urithi. Huwavutia wanafunzi, lakini ina hatari yake: huwafanya waamini kwamba kila kilichomo katika mzazi hakina budi kujitokeza kwa mtoto. Imani hiyo isiposahihishwa, mwanafunzi ambaye ndugu yake ana maradhi mazito huondoka darasani akidhani ukoo wake umekwisha hukumiwa, na wenzake humtazama kwa jicho hilo hilo. Makala haya yanaonyesha jinsi mwanachuo anavyoweza kufundisha tofauti baina ya kurithi ugonjwa na kurithi uwezekano wa kuugua.

Ugonjwa wenyewe

Saratani ya figo iwapatayo watoto zaidi huitwa uvimbe wa Wilms, kwa jina la Max Wilms, daktari mpasuaji wa Ujerumani aliyeandika juu yake mwaka 1899. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya 10,000, na wengi wao huwa hawajatimiza miaka 5. Asili yake ni seli za figo changa ambazo, badala ya kukomaa, hubaki katika uchanga wake na kuendelea kugawanyika pasipo kipimo.

Nakala mbili za kila jeni

Jeni ni maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Kwa kawaida mtoto hupokea nakala mbili za kila jeni, moja kwa baba na moja kwa mama. Jeni iitwayo WT1, iliyotambuliwa mwaka 1990 katika kromosomu ya 11, husaidia kuongoza figo changa kukomaa. Nakala moja ikiwa na kasoro, mara nyingi ile ya pili hutosha kuzuia uvimbe usitokee.

Mwaka 1972 wataalamu wawili wa Marekani, Alfred Knudson na Louise Strong, waliueleza ugonjwa huu kwa nadharia ya mapigo mawili. Mtoto aliyezaliwa na nakala moja yenye kasoro katika seli zake zote amekwisha pata pigo la kwanza. Limesalia moja tu. Mtoto mwingine sharti apatwe na mapigo yote mawili katika seli moja baada ya mimba kutungwa. Ndiyo maana waliozaliwa na kasoro huugua, kwa wastani, wakiwa na umri mdogo zaidi, na mara nyingine katika figo zote mbili.

Zoezi la darasani

Zoezi hili lafaa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi. Zana zake ni makopo mawili, maharagwe meupe 18 na mekundu 2 yenye ukubwa ulio sawa. Katika kila kopo tia meupe 9 na jekundu 1. Ligawe darasa katika makundi mawili.

Kundi la kwanza liwakilishe watoto wasio na kasoro ya kuzaliwa. Kila mwanafunzi afumbe macho, achote haragwe, alirudishe, kopo litikiswe, kisha achote tena. Atahesabiwa kuwa "ameugua" iwapo amepata jekundu mara zote mbili. Kundi la pili liwakilishe waliozaliwa na kasoro: wao huchota mara moja tu, na jekundu moja latosha. Kila kundi lirudie hadi litimize majaribio 100, na matokeo yaandikwe ubaoni.

Kundi la pili litapata "wagonjwa" 10 hivi, na la kwanza mmoja hivi. Hapo uliza: "Je, katika kundi la pili, ni wangapi hawakuugua?" Wanafunzi watajionea kwamba wengi wamesalimika, ingawa wote walikuwa na kasoro. Wafahamishe pia kwamba hesabu za kopo ni za mfano tu, wala si hesabu za ugonjwa.

Mipaka ya mfano

Mwalimu mwaminifu huonyesha pale mfano wake unapoishia. Si kila uvimbe wa Wilms hufuata njia ya mapigo mawili ya jeni moja. Aidha, kuzaliwa na kasoro si lazima iwe kuirithi. Wapo watoto wanaozaliwa bila ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni ya jicho, kwa kuwa kipande cha kromosomu ya 11, pamoja na WT1, kimepotea. Takriban nusu ya waliopoteza kipande hicho hupata uvimbe, ilhali kwa kawaida wazazi wao hawana upungufu huo.

Jeni nyingine, kama vile TRIM28 na REST, zimehusishwa na ugonjwa huu katika karne hii. Kasoro za TRIM28 mara nyingi hutoka kwa mama. Lakini hilo ni jambo la maumbile, wala si kosa lake. Hata hivyo, kati ya wagonjwa 100, ni mmoja au wawili tu wenye jamaa aliyepata kuugua uvimbe huu.

Wajibu wa mwalimu

Ujuzi huu huokoa maisha. Watoto wajulikanao kuwa na kasoro hupimwa tumbo kwa mawimbi ya sauti kila baada ya miezi mitatu hivi, ili uvimbe ugunduliwe ukiwa mdogo. Panapo matibabu kamili ya upasuaji na dawa, takriban watoto 9 kati ya 10 hupona. Adui mkubwa ni kuchelewa.

Kwa hiyo, mwalimu akimwona mtoto mwenye tumbo lililovimba, hasa upande mmoja, au akiambiwa kuna damu katika mkojo, asikate shauri kwamba ni minyoo au bandama. Asilibonyeze tumbo hilo, kwani uvimbe waweza kupasuka. Awaite wazazi kwa faragha, awahimize kwenda hospitali siku hiyo hiyo, na asiseme neno la kuulaumu ukoo wao.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti baina ya kurithi ugonjwa na kurithi uwezekano wa kuugua.
2. Kwa nini kundi la pili huchota mara moja tu?
3. Andaa maneno utakayomwambia mwanafunzi aulizaye, "Mdogo wangu aliugua, je, nami nitaugua?"