Kompyuta ya Zamani Bado Ina Kazi: Mfumo Endeshi Huria kwa Nyumba na Biashara za Rugu

Na Mwandishi Wetu, Karagwe

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha huduma ya kawaida ya kutoa maboresho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, uliokuwa sokoni tangu Julai 2015. Kwa mkazi wa Kata ya Rugu, wilayani Karagwe, anayemiliki steshenari yenye kompyuta moja na mashine ya kudurufu, tangazo hilo laweza kuonekana la mbali. Hata hivyo, kompyuta hiyo moja ndiyo inayochapa barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule na mikataba ya kuuziana mashamba. Ndiyo pia inayotumiwa na kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu. Flashi za watu wengi huingizwa ndani yake kwa siku moja, na kila moja imetoka katika kompyuta nyingine ambayo mwenye duka haijui.

Mashine haikuzimika siku hiyo. Inawaka, inachapa na kufungua intaneti kama jana. Kilichokoma ni kazi ya kuziba mianya ya kiusalama inayogunduliwa kila mwezi, na mwanya usiozibwa hubaki wazi kwa yeyote anayeufahamu.

Mwenye kompyuta ya namna hiyo ana njia kadhaa. Anaweza kuhamia Windows 11, ambayo inahitaji kumbukumbu ya RAM ya GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakato ambacho, kwa zile za Intel, ni cha kizazi cha nane au kipya zaidi. Vichakato hivyo vilianza kuuzwa mwaka 2017, hivyo kompyuta mpakato nyingi za mtumba zilizotengenezwa kabla ya hapo zimekwishaachwa nje. Anaweza pia kujiunga na mpango wa nyongeza ya maboresho, ambao kwa watumiaji wa nyumbani ulitangazwa kuishia Oktoba 13, 2026, au akanunua kompyuta mpya. Njia iliyobaki haizungumzwi sana, ingawa haina gharama ya leseni: kuweka mfumo endeshi huria katika kompyuta ileile.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoziunganisha programu nyingine na viungo vya kompyuta, yaani kinanda, skrini, diski na printa. Ukiitwa huria, maana yake ni kwamba msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha, kuunakili na kumgawia mwenzake. Unaojulikana zaidi ni Linux. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, kikaunganishwa na programu za mradi wa GNU uliotangazwa na Richard Stallman wa Marekani mwaka 1983. Asiwepo wa kudhani kuwa ni kitu cha majaribio. Simu zote za Android zimejengwa juu ya kiini hicho, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kubwa zaidi duniani, kwa mujibu wa orodha inayotolewa mara mbili kwa mwaka, zinaendeshwa na Linux. Mkulima wa kahawa anayepokea ujumbe wa malipo kwa simu janja ya Android tayari anaitumia, ila hajawahi kutajiwa jina lake.

Linux hutolewa katika matoleo mengi. Ubuntu lilianza Oktoba 2004 chini ya mfanyabiashara wa Afrika Kusini, Mark Shuttleworth, na jina lake ni neno la lugha za Kinguni lenye maana ya utu. Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa, ambao humwita mtu *omuntu*, hawahitaji mkalimani wa neno hilo. Linux Mint limejengwa juu ya Ubuntu, na mpangilio wake wa skrini unakaribiana na ule wa Windows. Kwa maoni ya mwandishi, hilo ndilo la kuanzia kwa mtu aliyezoea kubonyeza kitufe cha chini kushoto. Toleo la 22 la Linux Mint linahitaji RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazopendekezwa, na litapata maboresho ya usalama hadi mwaka 2029.

Tanzania si mgeni katika jambo hili. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliowakutanisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Waliwezekanaje? Msimbo ulikuwa wazi, kwa hiyo hawakulazimika kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama wasemaji wa Kiswahili ni soko la kutosha. Hata leo, takwimu za vituo vya kutolea huduma za afya nchini hukusanywa kupitia DHIS2, programu huria iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway.

Kwa matumizi ya kila siku, swali la msingi si jina la mfumo bali kazi anayoifanya mwenye kompyuta. Huduma nyingi za Serikali sasa hufunguliwa kwa kivinjari. Maombi ya mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, maombi ya kazi kwa Sekretarieti ya Ajira, usajili wa jina la biashara BRELA, huduma za mlipakodi za TRA na zabuni za umma katika mfumo wa NeST ni miongoni mwake. Vivinjari vya Firefox na Chrome vipo kwenye Linux, hivyo kujaza fomu, kupata kumbukumbu namba ya malipo na kuchapa risiti hufanyika kama kawaida. Barua, lahajedwali na mada za kuonesha ukutani huandaliwa kwa LibreOffice, ambayo huja pamoja na Linux Mint na Ubuntu na hufungua nyaraka za Word na Excel.

Hapa lipo jambo dogo linalowaudhi wengi. Mwalimu akileta mtihani ulioandikwa kwa Word, wenye majedwali na milinganyo ya hisabati, mpangilio wa kurasa unaweza kusogea. Herufi za Times New Roman huwa hazimo, na badala yake hutumika Liberation Serif, ambayo imesanifiwa kwa upana uleule ili mistari isivunjike ovyo. Nyaraka za kawaida hutoka salama. Zenye michoro iliyopangwa kwa mkono huhitaji kukaguliwa ukurasa kwa ukurasa kabla ya kudurufiwa nakala mia mbili. Ni busara kumwomba mteja alete pia nakala ya PDF, ambayo haibadiliki.

Kuhusu virusi, wenye steshenari wanakifahamu kile kinachogeuza mafaili ya flashi kuwa njia za mkato. Virusi vya aina hiyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows na haviendeshwi na Linux. Zaidi ya hapo, mafaili ambayo virusi vimeyaficha mara nyingi huonekana wazi flashi inapofunguliwa kwenye Linux, na mteja aliyedhani kazi yake imepotea huipata. Lakini virusi havifi kwa kupita humo. Visipofutwa, vitaondoka na flashi kuelekea kwenye kompyuta nyingine.

Yapo mambo ambayo mfumo huu hauyawezi, na ni afadhali yajulikane kabla ya fedha na muda kutumika. Programu za uhasibu zilizonunuliwa kwa ajili ya Windows, pamoja na Photoshop na Publisher zinazotumiwa kusanifu kadi za harusi na mabango, hazifanyi kazi moja kwa moja. Mashine ya Kielektroniki ya Kodi inayojitegemea haiathiriki, ila ile inayounganishwa na kompyuta hutegemea programu ya msambazaji, hivyo msambazaji aulizwe kwanza. Printa nyingi za HP na Epson hutambuliwa. Baadhi ya printa ndogo za leza za miaka ya nyuma huhitaji kiendeshi maalumu chenye usumbufu, na baadhi ya kadi za Wi-Fi nazo ni hivyohivyo.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kujaribu bila kusakinisha. Faili la Linux Mint lina ukubwa wa takriban GB 3. Likipakuliwa mara moja mahali penye mtandao mzuri, kwa mfano Kayanga au Bukoba, linaweza kuandikwa kwenye flashi ya GB 8 na kuzunguka kijiji kizima kihalali, kwa sababu leseni yake inaruhusu. Kompyuta huwashwa kupitia flashi hiyo na mfumo hufunguka huku diski ya ndani ikiwa haijaguswa. Hapo mwenye kompyuta aunganishe printa yake, modemu yake na skana yake, achape ukurasa mmoja na kufungua tovuti anazozitumia. Kisichokubali hapo kuna uwezekano mkubwa kisikubali baadaye.

Akiridhika, anakili mafaili yote kwenye diski ya nje au flashi mbili kabla ya kusakinisha. Kisakinishi humuuliza kama anataka kuuweka mfumo mpya kando ya Windows au kufuta kila kitu, na ni katika swali hilo ambapo watu hupoteza picha na nyaraka za miaka mingi kwa kubonyeza haraka. Kazi hiyo isianzwe umeme ukiwa wa kukatikakatika kama kompyuta haina betri iliyojaa.

Liko pia suala la sheria. Windows isiyo na leseni, ile ambayo mafundi huiita ya kukraki, inakiuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayolinda programu za kompyuta, na vifaa vya kuikraki ni mlango unaojulikana wa virusi. Chama cha ushirika cha msingi kinachotunza katika kompyuta majina ya wakulima, namba zao za simu na akaunti zao za benki kina wajibu mwingine chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inamtaka anayekusanya taarifa hizo kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda taarifa hizo. Orodha ya wakulima iliyofunguliwa kwenye mashine isiyopata tena maboresho ya usalama ni vigumu kusemwa kuwa imelindwa.

Kwa chama chenye kompyuta mbili ambacho bado kinategemea programu ya uhasibu ya Windows, mgawanyo ulio rahisi ni kuiacha moja na Windows yenye leseni, itenganishwe na intaneti na flashi za nje, kisha ya pili iwekewe Linux kwa barua pepe, fomu za Serikali na flashi za wageni. Wakati wa kusakinisha hiyo ya pili, kisakinishi kitatoa nafasi ya kusimba diski yote kwa nywila. Ikichaguliwa, nywila hiyo iandikwe kwenye karatasi na kufungiwa katika sefu ya chama, kwa kuwa ikisahaulika hakuna fundi, wa Rugu wala wa Helsinki, atakayeweza kuifungua diski hiyo.