King Majuto na Bei ya Kicheko

Majuzi nilikuwa Ngujini, huku kwetu milimani Upare, kwenye matanga. Jioni vijana wakamfungua King Majuto kwenye simu, wakaanza kucheka chinichini. Mzee mmoja akauliza, "Wanangu, huyu si marehemu?" Wakamjibu, "Ndiyo babu." Akauliza tena: "Sasa hela za kumwangalia anakula nani?"

Nimeshuka mlimani na swali hilo.

Majuto jina lake hasa ni Amri Athumani, mtu wa Tanga, mzaliwa wa mwaka 1948. Alipanda jukwaani mwaka 1958, angali mtoto, na alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Miaka 60 ya kuchekesha watu!

Sasa vichekesho vyetu vya jukwaani, msikilizaji, kwa kawaida havina kitabu. Wachezaji hukubaliana kisa tu: mume bahili, mgeni asiyeondoka, mkopo wa watu. Maneno kila mmoja huyatoa kichwani papo hapo, huku sikio liko kwa watazamaji. Ndiyo maana mchekeshaji mkongwe huwa pia mwongozaji, tena akiwa ndani ya mchezo. Akiona mwenzake amekwama, humtupia neno la kumkwamua. Akiona watu wanapiga miayo, hukatisha kisa na kuingiza kingine. Kazi hiyo haionekani, na anayeifanya vizuri huonekana anajifanyia mzaha tu.

Malipo yake yalikuwa kiingilio cha mlangoni. Akicheza tena kesho, watu hulipa tena kesho.

Kisha zikaja kanda za video, na Majuto alikuwa miongoni mwa waliotangulia kurekodi vichekesho na kuviuza. Kanda ndiyo iliyompandisha hadi huku kwetu. Nakumbuka banda moja la video: jenereta inanguruma nje, sisi tumebanana kwenye mabenchi. Mwenye banda alipata chake, muuza mafuta alipata chake, na aliyenakili ile kanda alipata chake. Aliyetuvunja mbavu hakuwemo kwenye mgawo, na wala hatukuuliza.

Sheria ipo. Ile ya mwaka 1999, iliyotuletea COSOTA, inataja hakimiliki, ambayo ni ya mtunzi, na hakishiriki, ambayo ni ya wanaoicheza kazi, akiwemo mwigizaji. Lakini haki huuzika. Mtu akitia sahihi kwamba ameuza kazi yote kwa malipo ya mara moja, mnunuzi atauza nakala kumi au laki moja, ni juu yake. Na mchekeshaji ana tatizo la ziada: maneno aliyatunga akiwa amesimama mbele ya kamera, hakuna daftari la kuonyesha kwamba ni yake.

Mwaka 2018 Majuto aliugua, akapelekwa India kutibiwa, akarudi. Katika kipindi hicho ndipo habari za mikataba yake zilipotoka hadharani, watu wakashangaa kwamba uso unaojulikana nchi nzima haulingani na mfuko wa mwenye uso. Waziri wa sanaa wa wakati huo, Dakta Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Mwenyewe akafariki mwaka huohuo.

Nimeyasema haya kwa sababu Ngujini wapo vijana wawili wanaochekesha harusini, kwa Kipare na Kiswahili, na wanachekesha kweli. Nasikia yuko mtu wa mjini anataka kuwarekodi. Vizuri. Wamuulize kwanza: ni kwa miaka mingapi, ni kwenye vyombo gani, na kila watu wanapoangalia, wao wanapata ngapi? Akisema karatasi ni ya kawaida tu, watie sahihi haraka gari linaondoka, wamwombe awaachie. Gari litapanda tena Jumamosi.