Wilaya ya 13 ya Seneti ya Illinois: Ramani, Saini na Uteuzi

Wilaya ya 13 ya Seneti ya jimbo la Illinois, iliyotanda kando ya Ziwa Michigan katika upande wa kusini wa jiji la Chicago, inajulikana na wengi kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba Barack Obama, mwana wa Mkenya aliyekulia Alego katika Siaya, aliiwakilisha tangu Januari 1997 hadi Novemba 2004. Umaarufu huo umefunika jambo lenye uzito zaidi kwa yeyote anayetaka kuelewa uwakilishi unavyofanya kazi. Kati ya maseneta wanne walioingia katika kiti hicho kuanzia 1991 hadi 2019, watatu waliingia kwa kuteuliwa, na yule mmoja aliyeingia kwa kura alipita bila kupingwa katika mchujo wa chama cha Democratic, ambao kwa wilaya hiyo ndio uchaguzi wenyewe. Wapiga kura zaidi ya laki moja waliitwa vituoni mara kwa mara katika kipindi hicho, lakini swali la nani aingie lilikuwa limekwisha kujibiwa mahali pengine.

Kila jimbo la Marekani lina katiba yake, gavana wake na bunge lake, na bunge hilo halipaswi kuchanganywa na Bunge la taifa lililoko Washington. Bunge la Illinois hukutana Springfield na lina mabaraza mawili: Seneti yenye wajumbe 59 na Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 118. Wilaya ya uchaguzi ni eneo linalomchagua mjumbe mmoja, kama lilivyo jimbo la uchaguzi nchini Kenya au Tanzania, na katika Illinois kila wilaya ya Seneti hugawanywa katika wilaya mbili za Wawakilishi, hivyo kwamba wilaya ya 13 inabeba ndani yake wilaya ya 25 na ya 26 za baraza la chini. Mambo yanayomgusa mwananchi kila siku, kama vile sheria za jinai, mamlaka ya polisi, fedha za shule na huduma za afya kwa maskini, huamuliwa kwa sehemu kubwa katika mabunge ya majimbo, na kwa hiyo mipaka ya wilaya hizo ni jambo zito kuliko inavyodhaniwa na wale wanaofuatilia siasa za Marekani kwa kutazama urais peke yake.

Mipaka hiyo haikuwa ya haki tangu mwanzo. Baada ya 1901, wabunge wa Illinois walikataa kuichora upya kwa zaidi ya miaka hamsini, ingawa katiba iliwataka wafanye hivyo kila baada ya sensa, kwa sababu Chicago ilikuwa ikikua upesi na ramani mpya ingewapa wakazi wa jiji nguvu zilizokuwa mikononi mwa wawakilishi wa mashamba na miji midogo. Mwaka 1946, katika kesi iliyotoka Illinois kuhusu wilaya za Bunge la taifa, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuingilia, ikiona kwamba suala hilo ni la kisiasa. Marekebisho ya katiba ya jimbo yaliyopitishwa na wananchi mwaka 1954 yaliruhusu Baraza la Wawakilishi ligawanywe kwa idadi ya watu, lakini Seneti ikaachwa igawanywe kwa kufuata eneo la ardhi, na hivyo sauti ya mkazi wa Chicago ikaendelea kupunjwa. Mpangilio huo uliporomoka mwaka 1964, Mahakama Kuu ilipoamua katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims kwamba mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo lazima yachaguliwe kutoka wilaya zenye idadi ya watu inayokaribiana. Mwaka huohuo, ramani mpya ya baraza la chini ikiwa imekosekana, wawakilishi wote 177 wa wakati huo walichaguliwa na jimbo zima kama eneo moja, kwa karatasi ya kura ndefu ambayo watu waliifananisha na shuka la kitanda.

Uchaguzi wa 1966 ulikuwa wa kwanza kufanyika kwa wilaya za Seneti zilizochorwa baada ya hukumu hiyo, na ndio uliomleta Springfield Richard Newhouse, mwanasheria Mweusi aliyeuwakilisha upande wa kusini wa Chicago kwa takriban robo karne. Hakuwa seneta wa kwanza Mweusi wa Illinois, kwa kuwa Adelbert Roberts alikuwa ameingia tangu 1925, lakini kuingia kwake kulitokana na mabadiliko mawili yaliyokutana. La kwanza lilikuwa la mahakamani, kama lilivyokwisha kuelezwa. La pili lilikuwa la mitaani: Wamarekani Weusi waliohama kutoka majimbo ya kusini walikuwa wamebanwa kwa miongo mingi katika ukanda mwembamba wa jiji, kwa sababu hati za nyumba za mitaa ya jirani zilikuwa na masharti ya kukataza kuuzwa au kupangishwa kwa mtu Mweusi, na ni mwaka 1948 tu ndipo Mahakama Kuu ilipoamua kwamba masharti hayo hayawezi kusimamiwa na mahakama. Mitaa kama Hyde Park, kilipo Chuo Kikuu cha Chicago, na South Shore, ulioko kusini zaidi kando ya ziwa, ilibadilika sura ndani ya kizazi kimoja.

Hyde Park ulikuwa na desturi nyingine iliyoupa uwakilishi wake sura ya pekee. Wakati sehemu kubwa ya jiji ilikuwa chini ya mtandao wa chama cha Democratic ulioongozwa na meya Richard J. Daley, mtandao uliogawa ajira za serikali na kudai kura kama malipo, wakazi wa mtaa huo walizoea kuwachagua Wademokrati waliojitegemea na kusimama kinyume cha mtandao huo. Newhouse alikuwa wa aina hiyo, na mwaka 1975 alithubutu kushindana na Daley katika mchujo wa kugombea umeya, akashindwa. Barbara Flynn Currie, aliyeingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1979 na kuketi humo hadi 2019, naye alitoka katika desturi hiyo, na aliingia wakati ambapo kila wilaya ilikuwa bado ikichagua wawakilishi watatu na mpiga kura aliweza kumpa mgombea mmoja kura zake zote tatu. Utaratibu huo, uliowapa nafasi watu wa upande wenye kura chache katika kila wilaya, ulifutwa na wananchi mwaka 1980 pamoja na theluthi moja ya viti vya baraza hilo, na ni vigumu kutouona kama hasara, kwa kuwa tangu hapo mwenye kura chache katika wilaya hana pa kuelekea.

Katiba mpya ya Illinois ya 1970 ilijaribu kuponya ugonjwa wa ramani kwa njia isiyo ya kawaida. Iliagiza kwamba, mwaka unaofuata sensa, wabunge wakishindwa kupitisha ramani ifikapo mwisho wa Juni, kazi hiyo ikabidhiwe kwa tume ya watu wanane wa vyama viwili vikuu, wanne kwa wanne. Tume nayo ikikwama, Mahakama ya Juu ya jimbo hutoa majina mawili ya watu wa vyama tofauti, na Katibu wa Jimbo huokota jina moja hadharani, ili mwenye jina hilo awe mjumbe wa tisa mwenye kura ya kuamua. Waandishi wa katiba waliamini kwamba hakuna chama kitakachokubali kuweka maslahi yake yote rehani kwa bahati nasibu, na kwamba hofu hiyo ingewalazimisha wapatane. Matumaini hayo hayakutimia. Jina liliokotwa mwaka 1981 na Wademokrati wakapata, likaokotwa 1991 na Warepublican wakapata, na likaokotwa tena 2001, safari hiyo kutoka katika kofia iliyotengenezwa kwa mfano wa kofia ndefu ya Abraham Lincoln, na Wademokrati wakapata.

Matokeo ya kuokota huko yanasomeka wazi katika historia ya wilaya ya 13. Ramani ya 1991 iliwapa Warepublican wingi wa Seneti kwa miaka kumi tangu Januari 1993, na kwa hiyo seneta wa Hyde Park, hata angekuwa na kipaji cha namna gani, aliketi upande wa wachache ambako miswada yake mingi ilizikwa katika kamati bila kujadiliwa. Alice Palmer alikuwa mmoja wa maseneta hao. Aliteuliwa mwaka 1991 Newhouse alipostaafu, akaheshimiwa kama mwanaharakati wa elimu, na mwaka 1995 akaamua kugombea kiti cha Bunge la taifa kilichoachwa wazi na Mel Reynolds. Kwa kuwa alionekana anaondoka, Obama alijitokeza kukitafuta kiti chake cha Seneti. Palmer alishindwa na Jesse Jackson Mdogo katika mchujo wa uchaguzi mdogo mwishoni mwa mwaka huo, kisha akataka kurudi katika kiti chake.

Hapa ndipo sheria ya saini ilipofanya kazi ambayo kura haikupewa nafasi ya kuifanya. Anayetaka jina lake liandikwe katika karatasi ya mchujo hukusanya saini za wadhamini walioandikishwa katika daftari la wapiga kura la wilaya hiyo, na yeyote anayetaka anaweza kuweka pingamizi, saini zikachunguzwa moja baada ya nyingine kwa kulinganishwa na daftari. Saini 757 halali zilihitajika. Palmer aliwasilisha zaidi ya 1,500 zilizokusanywa kwa haraka, lakini timu ya Obama iliweka pingamizi dhidi yake na dhidi ya wagombea wengine watatu, na sehemu kubwa ya saini hizo zikaonekana kuwa na kasoro. Palmer alijitoa mwanzoni mwa 1996, na wale watatu majina yao yakaondolewa. Sheria ilifuatwa, na sheria yenyewe ina sababu, kwa kuwa bila kizuizi chochote karatasi ya kura ingejaa majina ya watu wasio na mtu nyuma yao. Hata hivyo, katika wilaya ambayo mgombea wa Republican hana tumaini la kushinda, kuwaondoa wapinzani wote kabla ya mchujo ni kuwaondolea wananchi siku pekee ambayo chaguo lao lingekuwa na maana.

Ramani ya 2001 ilibadilisha hali kwa namna mbili. Wilaya ya 13, ambayo hapo awali ilijinyoosha kuelekea magharibi hadi mitaa maskini kama Englewood, ilichorwa upya ili ipande kaskazini kando ya ziwa hadi katikati ya jiji na mitaa ya matajiri iliyo mbele yake, huku wakazi Weusi wakibaki wengi. Obama, aliyekuwa ameshindwa vibaya na Bobby Rush mwaka 2000 alipogombea Bunge la taifa, alishiriki kuichora mipaka hiyo, na ikamweka karibu na watu wenye elimu, fedha na sauti katika vyombo vya habari ambao angewahitaji baadaye. Wakati huohuo ramani nzima ya jimbo iliwapa Wademokrati wingi wa Seneti kuanzia Januari 2003, na ndani ya mwaka huo mmoja seneta aliyekuwa hasikiki alipitisha sheria nyingi. Miongoni mwazo ilikuwamo sheria ya kuwataka polisi warekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji, hitaji lililotokana moja kwa moja na maovu ya upande wa kusini wa Chicago, ambako maofisa wa polisi chini ya kamanda Jon Burge walikuwa wamewatesa watu Weusi tangu miaka ya 1970 ili wakiri makosa, na baadhi ya walioteswa wakahukumiwa kifo.

Obama alipochaguliwa kuwa seneta wa taifa mwaka 2004, kiti kilijazwa kwa njia ileile iliyomleta Palmer. Katiba inataka nafasi iliyo wazi ijazwe ndani ya siku 30 na mtu wa chama kilekile, na sheria inawapa uamuzi huo viongozi wa chama wa kata zilizomo wilayani, kila mmoja akiwa na uzito unaolingana na kura zilizopigwa katika sehemu yake. Walimteua Kwame Raoul, mwanasheria aliyezaliwa Chicago na wazazi kutoka Haiti. Raoul aliusimamia katika Seneti mswada uliofuta adhabu ya kifo Illinois mwaka 2011, akachaguliwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo mwaka 2018, na Januari 2019 viongozi wa kata wakamteua Robert Peters kushika nafasi yake. Peters alikuwa miongoni mwa waliopigania kufutwa kwa dhamana ya fedha, yaani utaratibu wa kumweka mshitakiwa rumande kwa sababu tu hana pesa za kutoa kabla ya kesi yake kusikilizwa, na Septemba 2023 Illinois ikawa jimbo la kwanza kuufuta kabisa.

Mfululizo huo wa sheria za haki za jinai, kutoka Obama hadi Raoul hadi Peters, unaonyesha kwamba wilaya inaweza kuwa na dhamira inayodumu hata watu wanapobadilika, na wakazi wa upande wa kusini wanastahili kusifiwa kwa hilo, kwa kuwa ni mashirika yao, makanisa yao na familia za waliofungwa bila hatia ambao hawakuacha kudai. Lakini sifa hiyo haiufuti upungufu wa njia. Mteule huingia katika uchaguzi unaofuata akiwa tayari na cheo, ofisi na wafadhili, na wapinzani wake wanaanza nyuma kabla ya kukusanya saini ya kwanza.

Mwaka 2016 wananchi wa Illinois walijaribu kuwaondolea wabunge kalamu ya kuchora mipaka. Zaidi ya saini nusu milioni zilikusanywa kuunga mkono marekebisho ya katiba ya kuunda tume huru, lakini Mahakama ya Juu ya jimbo, kwa kura nne dhidi ya tatu, iliamua kwamba pendekezo hilo haliingii katika mambo machache ambayo katiba inaruhusu wananchi wayabadilishe wenyewe katika sura inayohusu bunge, kwa sababu lilimpa Mkaguzi Mkuu wa jimbo majukumu mapya yaliyo nje ya sura hiyo. Jina halijaokotwa tena tangu 2001, kwa kuwa mwaka 2011 na 2021 chama kimoja kilishika mabaraza yote mawili pamoja na ugavana na hakikuhitaji kupatana na mtu. Ramani ya kwanza ya 2021 ilipitishwa kwa makadirio ya idadi ya watu kabla takwimu za sensa hazijatoka, ikabidi irekebishwe, na jopo la mahakama ya shirikisho likaitamka ile ya kwanza kuwa imevunja katiba. Kwa sensa ya 2020 kila wilaya ya Seneti inapaswa kuwa na watu wapatao 217,000, na mstari unaowazunguka wakazi wa wilaya ya 13 utachorwa tena mwaka 2031, kwa utaratibu uleule wa katiba ya 1970.